Mstari Niliouchora Juu ya Ufa

Gisenyi, Alhamisi mchana

Ineza, mwanangu,

Nimekaa kwenye meza ya jikoni, pembeni mwa sanduku lako lililogoma kufungwa. Wewe na mama yako mmevuka kwenda Goma kumuaga shangazi yako, na nawajua, mtarudi dakika za mwisho kabla mpaka haujafungwa, mmebeba vitenge na maneno. Kwa hiyo nina saa tatu, nne hivi. Sitakuandikia habari za sweta, wala za kuchemsha maji, wala za kutopanda pikipiki, hizi mnazoziita moto, ikiwa mwenyewe amekunywa. Hayo mama yako ameshayasema mara tano, na kesho kituoni atayasema mara ya sita basi likiwa linaondoka. Barua hii ina jambo moja tu. Nitachelewa kulifikia kwa sababu naliogopa, kwa hiyo ukiniona nazungukazunguka, nivumilie.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichosomea huko Karagwe, na Kinyarwanda changu kwenye karatasi mmekicheka vya kutosha. Leo sitaki mtu acheke.

Nianze na barabara, maana ndiko mimi na wewe tulikojuana. Ulikuwa na miaka sita ulipoanza kunifuata Jumapili baada ya misa. Mji wetu wote hushuka kutazama ziwa. Wageni wanatoka kwenye magari, wanazigeuzia nyumba mgongo, wanapiga picha maji, wanaondoka. Sisi tulifanya kinyume. Tuliligeuzia ziwa mgongo tukatazama nyumba. Nilikuonyesha bomba la moshi juu ya paa moja la kizamani, nikakuuliza, huyu Mbelgiji alikuwa anaota moto wa nini katika nchi ya ndizi? Ukafikiri sana, ukasema labda alikuwa na malaria. Nilicheka mpaka nikashika mti.

Baadaye ukaanza kuona mambo ambayo mimi mwenyewe, fundi, sikuwahi kuyaona. Wewe ndiye uliyegundua kwamba ngazi ya lile duka la vitambaa imelika upande wa kulia tu. Ukasimama pale kutazama watu wanavyoingia, ukarudi na jibu: ubao wa kushoto wa mlango haufunguliwi, kila mtu anakanyaga kulia, tangu kabla hujazaliwa. Wewe ndiye uliyeona kwamba kwenye ile safu ya matofali ya matundu, pale kwenye ghorofa la kona, tofali moja limewekwa kichwa chini. Tangu siku hiyo kila tukipita tulimsalimia fundi aliyekosea. Grili za madirisha ulizipa majina: ya jua, ya samaki, ya mama mjamzito. Na siku baiskeli ya mizigo ilipokugonga kwa sababu ulikuwa unatembea uso juu, mama yako hakumfokea mwenye baiskeli, alinifokea mimi. "We ndo unaharibu mutoto! Batu banatembea banaangalia njia, ye anaangalia madirisha ya batu!"

Nilijivuna. Nakwambia bila aibu, nilijivuna kuliko siku uliyobatizwa. Nilikuwa mwashi niliyeishia darasa la saba, na hapa kulikuwa na mtoto wa kike anayesoma kuta kama wenzake wanavyosoma simu. Ulipopata nafasi ya kwenda kusomea ujenzi Kigali, watu walinipongeza mimi kabla yako, nami nilipokea.

Kuna kitu kimoja barabarani ambacho sikukuonyesha. Hapana, niseme vizuri. Ulikiona mwenyewe, ukaniuliza, nikakudanganya.

Ilikuwa kwenye ule ukuta mrefu wa mawe meusi karibu na soko, wa zamani sana. Ulisema, "Papa, ona, kila baada ya hatua mbili kuna jiwe moja kubwa, baya, limetokeza, halifanani na mengine. Kwa nini aliharibu ukuta?" Nikakujibu kwamba fundi yule hakuwa na jicho. Ulikubali, kwa sababu nilikuwa baba yako.

Sasa sikiliza. Ukuta wa mawe unaouona ni mmoja, kwa kweli ni kuta mbili zimesimama mgongo kwa mgongo, na katikati yake kuna kokoto na udongo na chochote fundi alichokuwa nacho. Lile jiwe baya linatoka uso wa huku mpaka uso wa kule. Ndilo jiwe la kufunga, linalozishikanisha hizo mbili. Ni refu, ni zito, huwezi kulichonga vizuri bila kulivunja, kwa hiyo kichwa chake hutokeza na kuharibu mpangilio. Mafundi wa zamani waliacha ubaya huo uonekane. Ukifika Kigali, kabla hujatazama kioo wala rangi, tafuta hayo mawe kwenye kuta za zamani. Ukiyakuta, mvulie kofia aliyejenga.

Mimi nilipofika hapa kutoka Tanzania nilikuwa kijana wa kujenga kwa matofali ya kuchoma. Sikuwa nimewahi kushika jiwe la volkano. Nililipenda siku ya kwanza: jeusi, lina vitundu, unalinyanyua ukitegemea uzito na linakuja jepesi. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa amekulia Masisi, mtu wa maneno machache na matusi mengi. Alinifundisha jointi. Wewe unaijua, umenitazama nikiifanya: saruji inayopita kati ya mawe unaiacha ivimbe, unaikata kingo zake kwa ncha ya mwiko, inasimama juu ya ukuta kama mishipa ya mkono. Kila fundi na mkono wake. Mimi ukinipeleka nimefungwa macho nikapapasa jointi za mji huu, nitakutajia nani alikunywa jana yake.

Yule mzee alinionya jambo moja. "We Mutanzania, jointi ni nguo tu. Mufupa ikivunjika, nguo haitaifunga." Nilidhani ni maneno ya mzee asiyependa urembo.

Nyumba yangu ya kwanza mwenyewe, bila kusimamiwa, ni ile ya juu ya barabara ya soko, ya mwenye nyumba anayeishi Kigali. Unaijua vizuri mno. Ukuta wa upande wa ua niliujenga kwa mawe madogo madogo yaliyochongwa sawasawa, mpangilio ambao watu walisimama kuutazama. Mawe ya kufunga sikuyaweka. Nilianza nayo mawili chini kabisa, nikarudi hatua tano nyuma, nikaona yanatokeza kama meno mabovu, nikayang'oa. Si kwamba sikujua. Nilitaka uso uwe safi. Ukuta ukasimama, mwaka ukapita, miaka ikapita, nikasahau kwamba ndani hakuna kinachoshika. Au nilijiambia nimesahau.

Halafu mlima ukamwaga moto upande wa Goma, na ardhi ikatetemeka siku baada ya siku. Unakumbuka tulivyolala uwanjani wote, na wewe uliyekataa kurudi ndani hata kuchukua viatu. Mitetemeko ilipotulia, watu wa sekta, serikali yetu ya mtaa, walipita na ndoo ya rangi nyekundu. Nyumba isiyofaa kukaliwa walichora msalaba ukutani, wapangaji wakatoka. Kwenye ukuta wangu kulikuwa na ufa kuanzia pembe ya dirisha, unateremka ukikata kona, mpaka kwenye msingi. Wakachora msalaba mkubwa katikati ya kazi yangu.

Nilifika nikauona, nikapandwa na hasira ambayo mpaka leo siwezi kuieleza. Vijana wa juzi, niliwaza, hawajui kushika mwiko, wanakuja kunichorea ukutani kama mwalimu anayesahihisha hesabu. Nilimpigia simu mwenye nyumba. Sikiliza vizuri, Ineza, kwa sababu watu wakisikia habari hii watataka kumlaumu yeye: yeye hakuniomba. Yeye alisema, "Fundi, kama ni kubomoa, tubomoe." Ni mimi niliyemwambia ukuta ni mzima, ni ufa wa juu juu, nitautengeneza. Akaniamini.

Msalaba ule haukutoka kwa brashi. Jiwe letu lina vitundu, na rangi huingia humo ikakaa. Nilikaa siku mbili juu ya kigoda nikiichokonoa kwa msumari, tundu kwa tundu. Siku mbili ni muda mrefu wa mtu kufikiri. Hakuna atakayeniambia niliteleza.

Ufa ukabaki. Na hapo nikafanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Jointi za mawe haziendi kwa mstari ulionyooka, zinapinda, na ufa nao unapinda. Nikaujaza ufa saruji, nikaupandishia jointi juu yake, nikaukata kingo, nikauunganisha na jointi nyingine kiasi kwamba hakuna jicho lingeweza kusema hapa palipasuka. Mstari huo ulitoka kwenye pembe ya dirisha ukateremka kwa madaha mpaka chini. Nilirudi nyuma hatua tano, nikatazama, nikafurahi.

Mpangaji wa chumba cha ua, unamjua, alikuwa Mama Zawadi. Zawadi mlikaa dawati moja. Mama yake alikuwa anauza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, anawaanika kwenye wavu palepale uani, na alikuwa amehamia kwa muda kwa dada yake huko Rugerero, wanabanana watu tisa. Alikuja nikiwa nakusanya vifaa vyangu. Alitazama ukuta, akaupapasa, akatafuta pale msalaba ulipokuwa.

"Fundi," akasema, "musalaba iko wapi?"

Nikamwambia nimeutoa, nimetengeneza.

"Bon. Mi siko na akili ya nyumba. We ndo uko na akili ya nyumba. Niambie tu: nirudishe batoto?"

Ningeweza kusema subiri. Ningeweza kusema waulize watu wa sekta. Maneno hayo si mazito, hata mtoto anayaweza. Lakini nilikuwa bado nautazama ule mstari, Ineza, na ulikuwa unapendeza. Nikamwambia, "Rudi, Mama Zawadi. Ukuta wangu huo." Akanishukuru. Jioni ile akaniletea sambaza kwenye karatasi, tukawala hapa nyumbani, na wewe uliwamaliza.

Miezi michache baadaye ukaanza kuuchora. Ulikuwa na lile daftari lako la karatasi nene, ukaenda kukaa uani kwa Mama Zawadi Jumapili tatu mfululizo. Kati ya kuta zote za Gisenyi ulichagua huo, na kwenye ukuta wote ulichagua mstari huo. Ukauita mto. Uliponionyesha sikujua niweke wapi macho. Uongo wangu ulikuwa umechorwa na mkono wako, vizuri kuliko nilivyouchora mimi. Nikasema, "Umekaza sana penseli hapa juu." Ndilo jambo pekee nililolisema. Ulikasirika, na ulikuwa na haki.

Ukuta ulianguka msimu wa mvua uliofuata, asubuhi, kama saa nne. Nilikuwa Rugerero kwenye kazi nyingine simu ilipolia. Nilipanda moto, na njia nzima nilikuwa naomba uwe ukuta mwingine. Nilipofika walikuwa wameshamtoa Mama Zawadi. Alikuwa amesogeza wavu wake karibu na ukuta ili kuukinga na manyunyu. Sambaza walikuwa wametapakaa kila mahali, weupe juu ya mawe meusi, na watu walikuwa wanawakanyaga bila kuona.

Nilitazama. Hata wakati ule macho yangu yalifanya kazi yake, siwezi kuyazuia. Ule uso wa nje ulikuwa umelala wote, na tumbo la ukuta limemwagika kama mahindi kutoka kwenye gunia lililochanika. Hakukuwa na jiwe hata moja linalovuka. Na juu ya kifusi, jointi yangu, ile ya kwenye ufa, ilikuwa imetoka nzima. Kipande kirefu kama mkono wangu, hakijakatika popote. Saruji nzuri, mchanga uliochekechwa vizuri. Nilikisukuma chini ya mawe kwa mguu kabla mtu hajakiona.

Watu walisema ni mvua. Wengine walisema ni mlima, kwamba mitetemeko ililegeza mji mzima. Mtu wa sekta aliulizia msalaba, mtu mwingine akajibu kwamba mvua imeufuta. Nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka kwake. Nilibeba jeneza. Nilijenga kaburi lake bure, na watu wakanisifu kwa moyo wangu, wakasema fundi huyu ana utu. Nilipokuwa mdogo, kwenye ukuta wa darasa letu kulikuwa kumeandikwa kwa rangi ya buluu: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba ufa, ndiyo sababu nikajenga kaburi.

Na bado hilo silo baya kuliko yote. Baya ni lililoanza baada ya matanga. Watu walitaka kujua kwa nini mwanamke mwenye watoto alirudi kwenye nyumba iliyochorwa msalaba. Wakapata jibu wenyewe: tamaa, ubishi, ujinga. Sokoni walisema alijua lakini alitaka kuwa karibu na wateja wake. Kanisani walisema kwa huruma, ambayo ni mbaya zaidi. Mama Zawadi akawa mfano wa watu wasiosikia. Nimesikia kiongozi wa mudugudu akimtaja kwenye mkutano, kuwaonya watu wanaojenga bondeni: "Mukumbuke Mama Zawadi, alikataa kusikia." Nilikuwa nimekaa benchi la pili. Nilitikisa kichwa pamoja na wengine.

Na wewe, Ineza. Ulikuwa unaosha vyombo hapa nilipo sasa. Ulikuwa unalia, maana ulimpenda, na ukasema, "Lakini Papa, kwa nini alirudi? Kwa nini hakuuliza mtu anayejua?" Nilikuwa nakunywa chai. Nikasema, "Watu ni wagumu, mwanangu." Sijui kama unakumbuka. Mimi sijapitisha siku bila kukumbuka, na bado nilipitisha siku zote hizo bila kusema.

Zawadi aliacha shule mwaka ule. Unajua alipelekwa kwa bibi yake huko Busasamana na wadogo zake. Ulimwandikia mara mbili, hakujibu, ukaacha.

Wiki iliyopita ulipokuwa unapanga daftari zako uliniambia neno zuri, na ndilo lililonimaliza. Ulisema siku ya kwanza chuoni ukiulizwa nani alikufundisha kuona, utanitaja mimi, na utawaonyesha ule mto. Nilitoka nje nikajifanya natafuta msumeno. Niliwaza jinsi mwalimu wako, mtu aliyesoma, atakavyoiangalia ile picha. Labda ataona. Labda ataweka kidole pale na kusema, binti, hii si jointi, huu ni ufa, nani alifanya hivi? Lakini silo lililoniogopesha zaidi. Niliogopa kwamba hataona. Kwamba atasema vizuri sana, na wewe utaondoka pale ukijua kwamba kuona ni hivyo.

Kwa hiyo Jumapili niliposema nakwenda kutazama kiwanja, sikwenda kutazama kiwanja. Nilipanda moto mpaka Busasamana. Nilimkuta Zawadi shambani anachimba viazi. Amekuwa mkubwa, ana mabega ya kazi. Alinyoosha mgongo, akafuta mkono kwenye kitenge, akanisalimia kwa adabu. "Papa Ineza, karibu. Mama Ineza iko muzuri? Ineza iko?" Nikamwambia unaondoka kwenda kusoma. Akasema, "Imana ishimwe," akimshukuru Mungu, na alimaanisha. Nusura nigeuze moto nirudi.

Nilimwambia yote. Jiwe la kufunga, msumari, jointi, neno "rudi". Nilimwambia nimesimama, kwa sababu hakunipa pa kukaa, na sikustahili. Nilipomaliza aliniuliza swali moja.

"Mama alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Alikuuliza vizuri, kama mutu mwenye anataka kujua?"

"Aliniuliza vizuri kabisa."

Akainama akaendelea kuchimba. Alichimba mstari mzima mpaka mwisho, akarudi, mimi nimesimama palepale. Nilikuwa nimebeba maneno ya pole mengi niliyoyapanga njiani. Nilipoanza kuyatoa alinyoosha mkono.

"Pole yako mi sitaki. Viazi sitaki, karo sitaki, usilete kitu. Mama alitwambia siku ile: fundi mwenyewe amesema, tunarudi. Mi niliwaambia batu vile. Nani anasikia mutoto? Banasema mama alikuwa mujinga. Hata bibi anasema. Hata mi, siku zingine, nilianza kusema." Hapo alikung'uta udongo mikononi. "We utaenda kwa umuganda. Batu bakikaa mukutano, utasimama, utasema vile umesema hapa. Na jina ya mama utaitaja."

Nikamwambia nitakwenda. Akasema, "Bon," akachukua jembe. Sikusamehewa, nisije nikakudanganya tena. Nilisikia tu jembe nyuma yangu mpaka nilipofika barabarani.

Mama yako nilimwambia Jumatatu. Unamjua, nilitegemea makelele. Aliacha mikono kwenye unga, akasema, "Donc siku ya mazishi ulikuwa unajua. Nilikutilia chakula ya matanga, ulikula, na ulikuwa unajua." Tangu hapo ananiambia mambo ya chumvi na ya maji tu. Ametabasamu wiki nzima kwa ajili yako, ili uondoke na moyo mwepesi. Ameniomba nisikuambie mpaka umalize mwaka wa kwanza. Ni ombi la mama na nimelikataa, nalo hilo atanidai.

Umuganda, kazi yetu ya pamoja ya kila mwezi, ni Jumamosi hii. Wewe utaondoka kesho, barua hii nitaiweka ndani ya daftari lako la karatasi nene, pale kwenye ukurasa wa ule mto, maana najua hutapitisha siku bila kulifungua. Jumamosi tutafyeka, tutazibua mitaro, kisha watu watakaa kwenye nyasi na kiongozi atauliza kama kuna mwenye neno. Nitasimama. Sijui kitakachofuata. Huenda watanichukua palepale, huenda wataniita wiki ijayo. Kazi za watu zitakwisha, hilo ni hakika, na sitalalamika. Ada yako ya muhula huu imelipwa, na ya mwakani mama yako na shangazi yako wameanza kuizungumzia bila mimi. Nilikuwa nataka uende ukiwa na baba wa kujivunia. Huyo hayupo, na nadhani hakuwahi kuwepo tangu siku ya msumari.

Nakuomba usiache kutazama. Hilo tu ndilo ninaloogopa kuliko gereza, kwamba utatupa daftari kwa sababu mkono uliokushika barabarani ulikuwa mchafu. Ngazi ile imelika kweli. Tofali lile liko kichwa chini kweli. Hayo uliyaona wewe, si mimi. Mimi niliona kinachopendeza nikaishia hapo, na mwanamke aliniuliza swali la uhai wake nikamjibu kwa urembo. Ukiwa na ukuta mbele yako na mtu nyuma yako anauliza alale wapi, zunguka kwanza upande wa pili. Ukiwa hujui, sema hujui. Mimi neno hilo lilinishinda nikiwa na miaka zaidi ya arobaini.

Nasikia mama mwenye duka la jirani anafunga mlango wake wa bati, jioni imefika, basi nanyi mko karibu.

Jumamosi mchana simu yako itaanza kulia. Watakupigia majirani, watakupigia wa kanisani, na watakaokupenda zaidi watakuambia ni uzushi, kwamba fundi ameshikwa na wazimu, kwamba mtu fulani amenilazimisha. Watakuwa wanakupa njia ya kutokea. Wengine watakuuliza kwa upole kama unajua chochote. Usinitetee, Ineza. Mtu akitaja jina la Mama Zawadi na kuuliza kwa nini alirudi kwenye nyumba ile, mwambie hakuwa mjinga. Mwambie aliuliza kwanza. Akikuuliza alimuuliza nani, mwambie, "Alimuuliza baba yangu."

Papa